Kufuli la Bibi Eufrazia

Mwaka ule sukari ilikuwa ya foleni, na pale kijiweni Tandale kahawa ilinywewa bila kashata. Benchi lilikaa ubavuni mwa duka la Hashil, ambaye watu walimwita Mzani, kwa vile hatoi neno kabla ya kulipima. Pembeni yake alikuwa Kondo, mchukuzi wa sokoni, jina lake la kijiweni Redio, maana hazimiki. Mwisho wa benchi alikaa Kasimiri, mchonga vinyago, mtu wa Newala, asiye na jina la utani kwa kuwa hasemi sana. Alasiri hiyo patasi yake ilisimama juu ya mpingo. Alikuwa akiisikiliza nyumba ya ng'ambo ya njia. Katika chumba cha mwisho, nyuma ya mlango wenye kufuli kwa nje, mtu alikuwa akigonga. Aligonga, akanyamaza, akagonga tena, kwa unyonge kuliko jana.

— Mnasikia? akauliza Kasimiri.

— Panya hao, akasema Kondo.

— Panya hagongi akapumzika. Ni Bibi Eufrazia. Kanisani sijamwona tangu Pasaka. Fransis, mpwa wake, akienda kiwandani anamfungia.

— Mie nilisikia karudishwa kusini, akasema Kondo. Kapewa shamba kwenye kijiji cha ujamaa.

— Haoni vizuri hata kijiko, akasema Hashil. Shamba la nini? Huyo Fransis anaitaka nyumba. Anamficha mpaka watu wasahau sura yake, halafu atangaze msiba.

— Basi mie nawapa habari nyingine, akasema Kondo, akasogea mbele. Kile kiwanda cha nguo kina jini. Bila jini kuahidiwa mzee, mashine hazisokoti uzi. Fransis kapewa zamu nzuri, mnadhani bure?

Siku nyingine wangecheka. Kule ng'ambo mlango ukagongwa tena, mara moja tu.

— Hata hivyo tusiingilie, akasema Kondo, sauti imeshuka. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango.

— Umeikata katikati, Redio, akasema Kasimiri. Inamalizia: fungua uingie ndani.

Bi Mauwa, balozi wa nyumba kumi, alikuwa akipita kutoka mkutano wa tawi. Kasimiri akasimama.

— Shikamoo, balozi.

— Marahaba, mwanangu.

— Yule bibi anafungiwa.

Bi Mauwa akakaa pole pole, akakunja khanga magotini.

— Najua. Nilikwenda polisi. Wakaniambia bila mlalamikaji hayo ni mambo ya ukoo, nirudi tawini. Tawini wakasema mgonjwa ni wa zahanati. Zahanati wakasema mgonjwa aletwe. Na wa kumleta ndiye mwenye ufunguo. Nikachoka.

Mwanamke aliyekuwa akinunua sabuni dukani akageuka. Alikuwa Rosalia, muuguzi wa zahanati.

— Aliyesema aletwe ni mie, mama. Na Fransis alimleta, baadaye, na jeraha la paji la uso. Alisema kaanguka. Nikamshona, wakaenda. Hakuna aliyeniambia anafungiwa.

— Mie nilijua kufuli, akasema Bi Mauwa. Sikujua jeraha.

Hashil akashusha pumzi.

— Fransis alikuwaga ananunua unga na maharage. Siku hizi mkate tu. Nikajua kule ndani hakupikwi. Nikanyamaza, mteja ni mteja.

Kondo ndiye aliyekawia.

— Mie ndiye niliyemrudisha, akasema mwishowe. Nilimkuta Manzese, kapotea, anauliza njia ya Newala. Nikamkabidhi kwa Fransis, nikaondoka na baraka zangu. Kesho yake ndipo nikaona kufuli.

Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Kasimiri akafuta mikono kwenye suruali, akavuka njia, na wengine wakamfuata.

Walimkuta Fransis anarejea kutoka kazini, pamba imemganda nyweleni. Alipowaona akasimama, akaelewa.

— Fungua, baba, akasema Bi Mauwa. Hatukuja kukupiga.

— Nikimwacha wazi atapotea tena. Lori likimgonga je? Nikikaa naye, kazi inakwenda, tunakula nini?

— Ungesema.

— Nimweleze nani, mama? Nilipompeleka zahanati wakatazama jeraha. Mie hawakuniuliza kitu.

Rosalia akainamisha kichwa. Fransis akatoa ufunguo. Kufuli likamshinda mara ya kwanza, likafunguka ya pili.

Joto la chumba lilitoka kabla ya mtu, na harufu ya mkojo. Bibi Eufrazia alikuwa chini, ameegemea ubao wa mlango, mkononi ana mwiko uliopasuka ncha kwa kugonga. Akakinga macho kwa kiganja. Kasimiri alimwinua, akamkuta mwepesi kuliko gogo analobeba kila asubuhi.

Wakamkalisha kwenye benchi. Rosalia akamnywesha maji, akamshusha kiganja usoni apate jua. Bi Mauwa akazungumza kama aliye barazani.

— Kufuli naondoka nalo mie. Mchana mlango utakuwa wazi, na mie napita. Rosalia, wewe ukitoka kazini. Kesho tunakwenda Ustawi wa Jamii sote, na Fransis aje, wasipate njia ya kuturusha ofisi kwa ofisi. Kasimiri, sema na akina mama wa kanisani.

— Wachukuzi wote nitawaambia, akasema Kondo. Wakimwona barabarani, wamshike mkono, wamlete.

— Uji utatoka dukani, akasema Hashil.

Mengi ya hayo yalifanyika, mengine yakachelewa. Afisa wa Ustawi alikuja baada ya kufuatwa tena na tena, Fransis akapangiwa zamu nyingine, na bibi alipotea mara moja zaidi, akarudi ameshikwa mkono na mchukuzi. Lakini alasiri ile walikuwa bado wanapanga, sauti juu ya sauti, Kasimiri alipoona kuwa wanazungumza juu ya kichwa cha bibi, kana kwamba hayupo.

— Bibi, akasema kwa Kimakonde kwanza, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie. Mwenyewe unataka nini?

Bibi akageuza uso kule sauti ilikotoka.

— Hapa pana upepo. Niacheni nikae.

— Kaa, bibi, akasema Kondo kwa upole. Hapa ndipo kijiwe chetu. Sie tupo hapa kila siku.

Bibi Eufrazia akapapasa ubao wa benchi kwa kiganja. Akageuka kuelekea mlango wake, ng'ambo ya njia, ulioachwa wazi.

— Kila siku?

— Kila siku, bibi.

— Sasa nilipokuwa nikigonga, akauliza, mlidhani nani?