Enesi, Aliyepita Nyumba kwa Nyumba Akiuliza Habari za Vichwa

Dada yetu Enesi Kibona alizaliwa tarehe 4 Machi 1937 huko Ileje, mtoto wa tatu wa mzee Hezron na mama Yunisi. Alisoma hadi darasa la nne, kisha akafundishwa uhudumu wa zahanati. Kuuliza alizaliwa nako: ukimpa jibu moja, yeye ana maswali mawili.

Mwaka 1958 alifunga ndoa na Lusubilo, wakahamia Iyula kulima kahawa. Tangu 1964 alihudumu katika zahanati ya kijiji, akisafisha vidonda na kupima watoto uzito.

Agosti 1975 Lusubilo alianguka na baiskeli mteremkoni, akapigiza kichwa. Hakutoka hata tone la damu, na sisi huku, pasipo damu hapana mgonjwa. Tulimmwagia maji, tukamcheka, kesho yake tukamwita kwenye kazi ya shamba la kijiji. Masikini, kumbe anaumwa! Kichwa kilimgonga wiki tatu, jua hakulitaka, jembe akawa analisahau njiani. Watu wakamwita kupe. Halmashauri ya kijiji ikamwita, iamue kumwondoa kwenye mgawo wa mahindi.

Enesi hakukaa kulia. Alichukua daftari, akapita nyumba kwa nyumba siku tisa. “Umewahi kugonga kichwa ukaona nyotanyota, au ukapotewa na fahamu hata kidogo?” Aliyepigwa teke na ng'ombe, aliyeangukiwa na boriti, wote walisema, “Aa, mambo madogo hayo, shemeji.” Kati ya watu wazima 180, sitini na mmoja yaliwahi kuwapata.

Kikaoni Enesi alisimama na daftari lake. Mwenyekiti wa kijiji, Ambilikile, akamwambia, “Mama Tupokigwe, usitupotezee muda.”

“Shikamoo mwenyekiti. Wewe ni namba kumi na saba humu daftarini. Mkeo ndiye aliyeniambia.”

Watu hoi kwa kicheko. Mzee akashika kisogo. “Kweli, nililala siku nne,” alisema, “nikawadanganya ni malaria.” Lusubilo akapewa mwezi wa kupumzika, mgawo wake haukuguswa, naye akapona. Tunamshukuru Mungu kwa ubishi wa dada yetu.

Novemba 1984 figo zilianza kumsumbua. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Juni 1985. Ameacha mume, watoto wawili, Tupokigwe na Amoni, na wajukuu watatu.

Jana wachimba kaburi walimsihi Lusubilo akae na wazee. Akakataa, akashika jembe. “Alinipigania nikalala mwezi mzima,” alisema. “Leo niacheni nimfanyie kazi.”

Bwana amlaze Enesi kwa amani.