Sebahire Léopold, aliyenyang'anywa pampu ya moto (1926–1958)

Papa, mama, ndugu na majirani mliofika, tunayemzika leo ni Sebahire Léopold, na anayesoma ni mdogo wake, Harelimana Damascène.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1926 katika vilima vya Masisi, mtoto wa kwanza wa mzee Munyakazi na mama Nyiramahirwe. Damascène alimfuata miaka miwili baadaye, na tangu hapo akawa mtu wa kurithi makoti yanayompwaya.

Léopold alisoma kwa mapadri mpaka mwaka wa nne. Alama zake zilikuwa za kawaida tu. Za Damascène zilikuwa nzuri zaidi, na vyeti vipo kwa anayetaka kuviona.

Mwaka 1952 Leta, yaani serikali, ilitafuta mtu mmoja wa kutunza pampu ya kuzimia moto hapa Goma. Ndugu wote wawili waliomba. Akachukuliwa Léopold, akapewa kofia ya shaba na filimbi. Damascène alibaki kubeba magunia ya kahawa, na kila watoto wa mtaa wetu wa Murara walipoiga ile filimbi, roho ilimuuma.

Tarehe 8 Agosti 1953 marehemu alimuoa Apolline Mukakalisa. Siku hiyohiyo, akiwa ndani ya suti, alizima moto wa wapishi kwa sababu ulikuwa karibu mno na paa la nyasi. Wageni walikula maharage yasiyoiva, na bado wakamsifu bwana harusi.

Julai 1956 wakubwa walitangaza kwamba wangekagua pampu siku ya Jumamosi. Alhamisi, Damascène aliifungua akatoa kipande cha ngozi kinachosukuma maji. Alitaka kaka yake aaibike, basi. Lakini Ijumaa, tarehe 20, nyumba ya mama Nyiransabimana ikashika moto kule mtaa wa Mapendo, na pampu ikatoa upepo mtupu. Watu walipigana na moto kwa ndoo. Nyumba tatu ziliteketea. Kwa neema ya Mungu hakufa mtu. Léopold alivuliwa kofia, akaitwa mzembe mbele ya wote.

Baadaye alikikuta kile kipande katika koti la mdogo wake. Akamwambia, "Damascène, iyi kitu nairudisha kwa pampu. Sitaambia mutu, hata mama." Na hakumwambia mtu. Alihamishiwa njia panda kuongoza malori, madereva wakimcheka karibu miaka miwili.

Tarehe 18 Aprili 1958 mvua ilishusha maji mengi kwenye nyumba za watu. Bila kutumwa, Léopold alibeba wazee na watoto mgongoni kutwa nzima, nguo zimelowa. Kifua kikambana. Alifariki Alhamisi, tarehe 1 Mei, saa nne asubuhi.

Jana Damascène alimsomea mjane karatasi iliyosema kwamba marehemu aliacha pampu kwa sababu za kazi. Apolline akauliza, "Watoto wananiuliza juu ya nini papa yao alifukuzwa. Niwaambie nini?" Damascène akaichana, akamweleza yote. Apolline akasema, "Kesho usome vile umeniambia."

Ameacha mama yake, mjane, watoto wawili, Léonie na Onésime, na mdogo huyu ambaye hata leo, akiuona umati huu, anamwonea wivu.

Léonie, Onésime, papa yenu hakuharibu pampu. Mungu ampe pumziko ambalo ndugu yake alimnyima.