Mzee Aliyesogeza Ukuta wa Zizi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Mwenye chungu jikoni apunguze moto kwanza, maana leo sitaki mtu aniache katikati.

Leo tunamkumbuka mzee wetu, Ntate Setenane Phakisi wa kijiji cha Ha Molumo, huku kwetu milimani Lesotho. Alifariki mwezi uliopita, usingizini, ng'ombe wake wakiwa wameshakamuliwa. Hakuwa chifu. Hakuwa mwalimu. Kusoma hakujua, na hakuwahi kujifanya anajua. Lakini kama leo Ha Molumo kuna maktaba, na ndani yake kuna mkutubi mwenye stashahada ya ukutubi na usimamizi wa habari, basi asante ni yake. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: mzee asiyejua kusoma ndiye aliyetuachia maktaba.

Habari hizi nimezipata kwa mkwe wake, Mathuso, mke wa mwanawe Lefa. Juzi alikuja hapa studio, blanketi begani, akanywa chai yetu mbaya bila kulalamika. Tuliongea muda mrefu, na jina la mzee hakulitaja hata mara moja. Alisema "baba". Alisema "baba yake Lefa". Sisi wa hapa hatushangai. Mwanamke akiolewa, jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwake. Na zizi la ng'ombe la ukweni haingii. Shikeni hayo mawili, jina na zizi, mtayahitaji.

Setenane alikulia malishoni, kule juu ambako theluji haiombi ruhusa. Huko ndiko alikojifunza kutunga. Alitunga sifa za ng'ombe, za farasi, za mito, na ukimuudhi alikutungia na wewe. Harusi bila Setenane ilionekana kama imepikwa bila chumvi. Binti yake Puseletso anasema walipokuwa wadogo walijua baba anarudi kabla hawajamwona, kwa sababu alikuwa akimsifu farasi wake tangu ng'ambo ya mto. Na alikuwa mtu wa mila. Mila aliishika kwa mikono miwili.

Sasa maktaba yenyewe. Vyumba viwili tu, nyuma ya posta. Mathuso alikuwa msaidizi pale. Wanafunzi walikuja kufanya kazi zao za shule, na wachungaji walishuka na farasi, wakaazima vitabu na kuvifunga kwenye nailoni ili mvua isivikute malishoni. Halafu mkutubi mkuu akastaafu. Wakubwa wa mkoa wakaleta neno: maktaba bila mkutubi mwenye cheti haiwezi kuendelea. Apatikane mtu mwenye stashahada, la sivyo vitabu vyote vitapakiwa na kupelekwa mjini, kule tambarare. Hakuna mkutubi aliyekubali kupanda huku kwenye baridi. Mathuso akaona ni yeye au hakuna. Akaomba nafasi katika chuo kinachofundisha kwa mtandao.

Mkwe hamwendei baba mkwe moja kwa moja na jambo zito, kwa hiyo Puseletso alitumwa. Alimkuta mzee anakula ugali na mboga. Mzee akauliza hicho chuo kiko wapi. Akaambiwa kimo ndani ya simu. Akatafuna kidogo. Akauliza walimu wanaishi wapi. Akaambiwa mmoja yuko Ghana, mwingine yuko Namibia, wengine hata hawajulikani waliko.

"Shule haina mlango, walimu hawana kijiji, na ada wanataka," mzee akasema. "Haya, asome. Akitapeliwa, tutakuwa tumetapeliwa wote."

Ndivyo ruhusa ilivyopatikana. Tatizo likawa mtandao. Mathuso alizunguka kijiji kizima na simu mkononi kama mtu aliyepotelewa na kuku. Nyumbani hakuna. Jikoni hakuna. Maktaba nayo, iliyo chini bondeni nyuma ya posta, ndiyo kabisa. Puseletso, ambaye ni binti wa nyumba, akaichukua simu akaingia nayo zizini, na pale karibu na nguzo ya mlango ikakamata vizuri. Pale tu. Ndani ya zizi, mahali pasipoingia mguu wa mkwe.

Basi Mathuso akasoma hivi: yeye nje, mkono umepita juu ya ukuta wa mawe, simu iko zizini, waya wa kusikilizia uko sikioni. Alijifunza kuainisha vitabu akiwa amening'inia vile. Siku moja ng'ombe aliilamba simu katikati ya somo, na mhadhiri akauliza ni nani anayepumua kwa nguvu. Puseletso alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi," akamwambia, "siku ya mahafali yule ng'ombe naye apewe joho."

Lakini kicheko kiliisha baridi ilipoingia. Mkono hauwezi kukaa juu ya jiwe lenye barafu. Mathuso alishindwa kutuma kazi moja, akashindwa ya pili. Chuo kikamwandikia kwamba akikosa nyingine atafutwa. Alimwambia Puseletso peke yake, na Puseletso, mdomo wake mnaujua nyinyi wa Ha Molumo, akamwambia baba yake siku ileile. Akamsihi amruhusu wifi yake aingie zizini, mara moja tu kwa siku. Nyakati zimebadilika, baba.

"Nyakati zimebadilika," mzee akasema, "mimi hawakuniambia."

Mathuso alipoletewa jibu hilo aliona mambo yamekwisha. Usiku ule alianza kufikiria namna ya kuwaambia wachungaji warudishe vitabu.

Asubuhi akasikia mawe. Wasikilizaji wapendwa, sauti ya jiwe juu ya jiwe mnaijua. Alipochungulia, akamwona mzee amevua blanketi, anabomoa ukuta wa zizi lake. Ukuta uliojengwa na babu yake. Aliubomoa upande ule wa nguzo, akaanza kuujenga upya, hatua kadhaa kuelekea ndani. Alijenga kutwa nzima, na kesho yake tena. Jirani yake, Ntate Khoabane, akasimama njiani na fimbo yake.

"Setenane, ng'ombe wamekukosea nini hata uwabane hivyo?"

"Hawasomi," mzee akajibu. "Nafasi ni ya anayesoma."

Alipomaliza, ile nguzo ilikuwa imebaki upande wa nje, peke yake. Akaweka jiwe bapa la kukalia na kijipaa cha nyasi juu yake. Kwa Mathuso hakusema kitu. Alimwita Puseletso tu.

"Mwambie mkwe, pale sasa ni nje."

Mathuso anasema alikwenda akakaa kwenye lile jiwe, simu ikakamata, na yeye badala ya kusoma akalia. Alilia kwa shukrani, anasema, na kwa aibu kidogo kwamba alikuwa amemwona mzee ana roho ngumu. Zizi lilikuwa limepungua na mila iko palepale. Narudia: mzee hakumwingiza mkwe zizini, alilitoa zizi kwenye mtandao.

Akasoma pale baridi yote na kiangazi chote. Ukafika wakati wa kazi ya mwisho. Kila mwanafunzi alitakiwa akusanye kumbukumbu za mahali pake, azihifadhi, aziorodheshe kama vitabu vinavyoorodheshwa: mtunzi, jina la kazi, mahali, mwaka. Mathuso hakuwaza mara mbili. Alirekodi sifa za mzee, zote, za farasi na za mito. Puseletso ndiye aliyeshika simu mbele ya baba yake, na Mathuso akaandika. Kuandika jina la mzee hakukumsumbua. Kalamu haina mdomo, alijiambia. Alilosahau ni kwamba mtihani wa mwisho ni wa mdomo.

Siku ya mtihani alikaa kwenye jiwe lake, kitambaa kipya kichwani. Kwenye kioo cha simu walikuwa wahadhiri wawili. Aliyeuliza alikuwa Dakta Asabea Frempong wa Ghana, mama mpole, lakini wa kanuni. Na kanuni ilikuwa kwamba mwanafunzi ataje mwenyewe, kwa sauti, kila kilichoandikwa, ili ijulikane kazi ni yake na hakuandikiwa.

"Tuanze na kumbukumbu ya kwanza. Mtunzi ni nani?"

Mathuso akasema ni baba wa nyumba hii.

"Jina lake?"

Akasema ni baba yake Lefa.

Dakta akamwambia kwa upole kwamba katalogi haiwezi kuandika "baba yake Lefa". Jina, tafadhali. Mathuso akafungua mdomo, akaufunga. Angeweza kueleza mila. Maneno alikuwa nayo, ananiambia. Lakini aliwaangalia wale wahadhiri, nyuma yao vitabu mpaka darini, akaona haya. Aliogopa watasema wamemsomesha mtu wa ajabu. Kwa hiyo alinyamaza, na kila alivyonyamaza ndivyo alivyoonekana hajui.

"Bibi Phakisi," Dakta akauliza, na sasa upole ulikuwa umepungua, "kazi hii umeifanya wewe?"

Wasikilizaji wapendwa, maktaba yetu ilikuwa imening'inia hapo. Kwenye swali hilo. Wachungaji wote na nailoni zao.

Mzee alikuwa zizini, upande wa pili wa ukuta, anamfunga ndama. Alikuwa akisikia kila kitu, maana ukuta alikuwa ameusogeza mwenyewe lakini hakuwa ameuongeza kimo. Akaacha kamba. Puseletso alikuwa mlangoni kwake na aliona yote. Anasema baba yake alivaa blanketi vizuri, akavua kofia, akaja mpaka ukutani, akainama juu ya kichwa cha mkwe wake bila kumgusa, uso ukatokea kwenye simu ya watu wa Ghana na Namibia. Akasema maneno machache. Halafu akavaa kofia, akarudi kwa ndama.

Maneno yenyewe ngojeni kidogo. Mnayapata leoleo.

Dakta Frempong alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akavua miwani akaifuta. Akasema kwao pia yako majina ambayo hayatajwi ovyo, na angeambiwa mapema angeelewa. Akaandika jina la mtunzi kwa mkono wake, na mtihani ukaendelea. Aliuliza juu ya kuhifadhi sauti, juu ya haki za mtunzi, juu ya namna ya kumsaidia msomaji asiyejua anachokitafuta. Mathuso akajibu yote. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu vizuri. Gari la kubeba vitabu halikupanda huku.

Baada ya hapo mzee alikuja maktaba mara nyingi. Alifunga farasi nje, akaingia na kofia mkononi, akamwomba msichana wa mapokezi amwekee zile sifa. Alivaa visikilizio masikioni akasikiliza, macho amefumba. Siku moja alivivua akasema, "Huyu mzee anajisifu sana," na akaomba awekewe nyingine. Alikuwa hajui kusoma na alikuwa msomaji wetu mwaminifu kuliko wengi. Najua, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikimkuta pale nikienda kutafuta habari za kipindi hiki, na kiti changu cha dirishani alikuwa amekikalia yeye.

Siku ya mazishi familia ilimpa Mathuso kazi ya kusoma maisha ya marehemu. Watu walitazamana. Maisha ya mtu huanza na jina lake, na yeye jina hataji. Mathuso akasimama mbele ya jeneza, akaleta simu yake kwenye kipaza sauti. Ule mtihani ulirekodiwa, na mkutubi hatupi kumbukumbu. Mzee akajitaja mwenyewe, juu ya kaburi lake mwenyewe, na wazee wakavua kofia. Ndipo Mathuso akafungua karatasi, akaendelea pale alipoishia mzee.

Familia ya Phakisi, Lefa, Puseletso, Mathuso, na mjukuu wake Thuso aliyebaki kukamua wale ng'ombe, redio hii inalia nanyi na inashukuru nanyi. Mmempoteza baba, nasi tumempoteza mtunzi. Mola ampokee, na huko alikokwenda akute farasi wa kumsifu.

Nasi tuliobaki tujiulize. Yuko nani nyumbani kwako anayesoma mkono ukiwa juu ya ukuta? Pengine huwezi kumfundisha. Pengine hata anachosoma hukielewi. Mawe je, huna?

Nilimwuliza Mathuso kama siku moja atalitaja lile jina, sasa mwenye jina amelala. Akatikisa kichwa. Akasema hahitaji kulitaja, baba alishalitaja kwa niaba yake. Akanipa simu. Basi msikilizeni. Kuna upepo, kuna ng'ombe mmoja analia kwa nyuma, na huyu hapa mzee wetu:

"Mama, nakusalimu. Andika. Mimi ni Setenane Phakisi wa Ha Molumo. Huyu ni mkwe wangu, jina langu hawezi kulitaja, ni heshima. Hilo moja nimemsaidia. Mengine yote anayajua yeye. Muulize."