Mkanda wa Jeshi wa Nando Kinyozi

Kijiwe kiko ubavuni mwa kibanda cha kahawa cha Fela, uwanjani mbele ya kanisa la Adjuntas, mji wa milimani Puerto Rico: benchi la saruji lililopasuka tangu kimbunga, na meza ya dhumna ambayo miguu yake haijawahi kupatana. Wenye benchi ni wanne, miaka na miaka. Herminio alikuwa tarishi wa barua, kwa hiyo ni Posta. Pellín aliendesha gari la wagonjwa miezi michache ya ujana wake. Tangu hapo ni Daktari. Chago ni Redio, maana hazimiki. Wa nne ni Nando kinyozi, waliyemwita Kengele kwa kicheko chake, lakini nafasi yake ilikuwa wazi tangu Kwaresima. Alishikwa na mkanda wa jeshi, ugonjwa wa malengelenge ambao watu wa vilima vile huuita kinyoka. Asubuhi hiyo ya Agosti Herminio alichelewa kufika. Mkono wa kushoto kaubana ubavuni, na mwili ulikuwa unamchemka kidogo.

— Posta! Leo barua zimekulemea? Chago akamshushia kofi la begani.

Herminio akaguna hadi machozi yakamlengalenga.

— Ebo! Nimekugusa tu, mzee mwenzangu.

— Nimelalia mkono vibaya.

— Kulalia mkono hakuleti homa, alisema Pellín, akimgusa paji la uso. Hebu vua shati nikutazame.

— Nivue shati mbele ya kanisa?

— Basi sema unaumwa nini.

Herminio alipiga funda la kahawa, akakiweka kikombe chini taratibu.

— Nimechanjwa. Jana. Ile chanjo ya mkanda wa jeshi.

Hata Fela alitoa kichwa dirishani.

— Wewe? Chago akauliza. Wewe uliyekataa sindano ya ganzi ukang'olewa jino kavukavu?

— Mimi.

— Na uzee huo? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wewe umeshakauka, Posta! Chanjo ni za watoto.

— Nesi anasema hii ni ya watu wazima hasa. Kuanzia miaka hamsini.

— Nesi! Pellín akacheka kwa pua. Nisikilizeni mimi. Kinyoka kina kichwa na mkia. Kinaanzia mgongoni, kinatambaa kuzunguka kiuno. Kichwa kikikutana na mkia, aitwe mchimba kaburi. Dawa yake ni mama wa kuombea, achore mstari wa wino hapo katikati, njia ikatike. Shangazi yangu alipona hivyo.

— Shangazi yako alikufa, alisema Fela.

— Alikufa kwa moyo! Kinyoka kilikuwa kimeshapona.

— Nesi alinieleza, alisema Herminio. Sote tuliugua tetekuwanga utotoni, si ndiyo? Basi ule ugonjwa hautoki. Unajikunyata kwenye mishipa ya fahamu, unalala humo miaka na miaka. Mtu akizeeka, mwili ukichoka kuudhibiti, unaamka, na ndio huo mkanda.

— Umeona sasa! Chago akaipiga meza, dhumna zikaruka. Nyoka mwenyewe kalala zake, na ninyi mnaenda kumchoma sindano! Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

— Walisema pia usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Fela.

— Ufa! Ukiziba ufa, nyoka si ndiyo unamfungia ndani? alisema Pellín.

— Tena hamjui siri yenyewe, Chago akashusha sauti. Binamu yangu wa Orlando, Marekani, kaniambia. Ukichanjwa mara mbili, kahawa inageuka maji mdomoni. Wanataka wazee tuache kunywa kahawa yetu, waichukue yote wakaiuze nje.

— Mbona mimi nimeinywa na ina ladha?

— Hiyo ni sindano ya kwanza. Ngoja ya pili, utakuja kuniambia. Lakini hebu sema kweli, nani alikutisha?

Herminio akainamia kikombe chake. Jana yake alikuwa anapita nyuma ya duka la dawa, penye nyumba ya Nando, akasikia mtu mzima analia. Alikuwa anamsihi mkewe amwondolee shuka, kwa jina la Bikira, shuka inamchoma. Herminio alisimama ukutani, kofia mkononi. Kisha miguu ikampeleka moja kwa moja kliniki, na kwenye mlango wa Nando haikumpeleka.

— Samahani, wazee wangu.

Walikuwa hawajamwona mwanamke aliyesimama kando yao. Wa makamo, mgeni, kashika chupa tupu ya kahawa.

— Ninyi ndio marafiki wa Nando?

— Ndio sisi! Chago akajibu, kifua mbele. Chanda na pete.

— Mimi ni Obdulia, dada yake. Nimetoka mjini Ponce kumsaidia wifi yangu.

— Karibu sana, dada. Anaendeleaje?

— Ndicho nilichotaka kuwauliza. Mimi nimekuja juzi tu, sijui kama anapata nafuu au anazidi. Mara ya mwisho mlipomwona, alikuwaje?

Chago akaanza kuzipanga dhumna upya. Pellín alikuwa anakoroga kahawa iliyokwisha. Herminio alimtazama Fela, na Fela akageukia birika lake.

Obdulia aliwatazama mmoja mmoja, kwa upole kabisa, mpaka akaelewa.

— Unajua, dada, Pellín akaanza, ule ugonjwa... watu wanasema unaambukiza...

— Vidonda vilikauka zamani, magamba yakabanduka. Hakuna wa kumwambukiza. Kilichobaki ni maumivu. Wifi aliniambia hakuna anayekanyaga pale, nikambishia. Mtu aliyenyoa mji mzima!

Fela akamjazia chupa. Obdulia akashukuru, akaondoka.

Herminio akasimama. Alipovuka uwanja alisikia viatu vya wenzake nyuma yake.

Nando alikuwa barazani, kaketi kinyumenyume kwenye kiti ili mgongo usiguse kitu. Kifua wazi. Amekonda. Kovu jekundu lilitoka kwenye uti wa mgongo likapita ubavuni hadi chini ya ziwa la kushoto, likaishia hapo. Pellín alilifuata kwa macho, akitafuta linakokutania, asione. Na nywele, masikini, zilikuwa zimemfunika masikio, yeye ambaye hakuwahi kuvumilia unywele mmoja uvuke ukosi.

— Nani amekufa? Nando akauliza.

— Hakuna aliyekufa, ndugu yangu, alisema Herminio.

— Basi mbona mmekuja wote? Mimi nilidhani mmekufa ninyi.

Hakuna aliyecheka, hata mwenyewe.

— Nando, sisi... alianza Herminio.

— Msinikumbatie, ndilo ombi langu. Kaeni.

Wakakaa kwenye ngazi.

— Mwaka jana yule binti wa duka la dawa aliniambia nikachanjwe, alisema Nando. Nikamwambia nina wateja, kesho. Sasa upepo tu ukinipitia naona moto. Daktari, wewe umechanjwa?

Pellín akatikisa kichwa.

— Na wewe Redio?

— Bado.

— Basi mna kichaa nyote wawili. Posta naona kabana mkono, huyo kachanjwa.

Akahema, akashika kiti mpaka vidole vikawa vyeupe. Walingoja maumivu yampite. Hawakuwahi kuona maumivu yakimpita mtu hivyo, kama lori kwenye daraja jembamba.

— Hizi nywele zinanisumbua shingoni, akasema mwishowe. Mke wangu anaogopa kunigusa. Mkasi uko ndani, kwenye droo.

Herminio akaufuata. Hakuwahi kumnyoa mtu maishani mwake. Chago alivua shati lake, akalikinga juu ya mabega ya Nando bila kuyagusa, mikono imenyooka, ili hata unywele usimwangukie. Pellín alizunguka nyuma, akaziinua zile nywele kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, huku akisali chini kwa chini.

— Nianzie wapi? Herminio akanong'ona.

— Sikioni, alisema Nando, akafumba macho. Wala usiharakishe. Leo sina mteja mwingine.