Shujaa Aliyemsahau Neema

Tangu taksi ilipotoka Base Camp, katikati ya kambi ya wakimbizi, Pulchérie aliwasikia abiria wawili wa kiti cha nyuma, watu wasiojuana kabisa, wakibishana kana kwamba wanamgombania ndugu yao. Kumbe walikuwa wakimzungumzia shujaa wa vitabu vya katuni, mtu anayeruka angani.

"Bamemuharibu," kijana mmoja Mkongomani alilalamika. "Mu vitabu ya zamani alikuwa mupole, alimupenda Neema sana. Sasa benye kuchora banaanza tena na kitabu namba moja, amekuwa mukali, na Neema hata hamujui!"

"Bamemuandika upya tu," akajibu dada aliyekaa naye. "Neema asimulilie yule wa zamani. Amuangalie huyu, aone kama anamutaka."

"Na kama hamutaki?"

"Aende zake. Nani amemufunga?"

Pulchérie alitega sikio. Miaka saba ilikuwa imepita tangu machafuko ya Burundi yamtenganishe na mumewe, Vénant, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuonana. Kwenye simu, yule mcheshi wake alikuwa amegeuka mtu wa maneno mawili matatu, na wiki nzima Pulchérie alikuwa akimwombolezea mtu aliye hai.

Taksi ilisimama Nyamitanga kabla wale wawili hawajakubaliana. Vénant alikuwa kando ya barabara, kichwa kimejaa mvi. Akamnyooshea mkono kama mgeni.

Pulchérie hakulia. Aliushika mkono ule kwa nguvu.

"Mimi naitwa Pulchérie," alisema. "Twende, unieleze wewe ni nani."