Yai Karuhusiwa Kuruka

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya anatazama dirishani, kumbe sikio lote lilikuwa kiti cha mbele. "Wamempima mifupa, iko imara," mama mmoja alimwambia bibi aliyekaa naye, huku amempakata bintiye, msichana mkubwa tu, aliyepachikwa jina Yai kwa vile haruhusiwi hata kujikwaa. "Nilihofu vile vidonge vya steroidi anavyomeza kwa ugonjwa wa figo vimeila mifupa. Daktari kasema sasa aruke kamba, mifupa izidi kupata nguvu."

"Aruke?" bibi akaguna. "Mwanangu, akianguka daktari hatakuwepo."

"Nimemfungia ndani vya kutosha, bibi."

"Haya. Mimi simo."

Kimoyomoyo, fundi alikuwa upande wa bibi. Basi likasimama. Yai akaruka kutoka mlangoni, miguu yote miwili, pu! Fundi akafumba macho kusubiri kilio. Kilichokuja ni kicheko, tena cha mama mtu.