Mechi ya Nyumbani ya Chovae ya Baridi

Hebu nijibu wewe unayejiita mjuzi wa mpira: bingwa wa nchi yake anaingizwa kwenye mchujo tangu mwezi wa saba, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ile ya mwisho ya kutoana macho, na aliyeshika nafasi ya nne katika nchi ya wakubwa yuko ufukweni anakula aiskrimu, kiti chake kwenye makundi kimeshafutwa vumbi. Hapo bingwa ni nani?

Swali hilo lilikuwa likitokota tangu alasiri pale Nusu. Nusu ni ubao wa mashua iliyovunjwa, umelazwa juu ya mapipa mawili, Kismayu, kwenye kona bajaji zinapopinda kuelekea bandarini, mkabala na dirisha la Mradi wa Barafu ya Pwani. Waliuita Nusu kwa sababu vyeo vya nchi hugawanywa kwa hesabu ya nne na nusu: koo kubwa nne, kila ukoo kipande kizima, na wengine wote waliobaki, Wabajuni wakiwamo, wabanane kwenye ile nusu. Ubao wenyewe ulikuwa wa watu wanne na walikaa sita bila kulalamika. Mazoezi walikuwa nayo. Bi Twahira alikuwa na dele lake la kahawa tungu, vikombe vinane na masikio mawili makali. Fuadi, ambaye kijiwe kilimwita Digrii, alikaa ncha ya ubao na fomu ya kazi juu ya goti. Saa kumi na moja kamili dirisha la Mradi lingefungwa, na fomu ile ilikuwa haijakamilika.

— Nataka kumjua mtu mmoja tu, alisema Gharibu. Nani alianza kupiga makofi jana?

Gharibu alikuwa kuli wa bandari hadi mgongo ulipomstaafisha. Jina lake la kijiweni lilikuwa Koefishenti, kwani tangu alisikie neno hilo redioni hapakuwa na jambo asiloweza kulieleza kwalo, hata bei ya nyanya.

— Ni wewe, ami, akajibu Husseini. Na ulisimama kabisa.

Huyo Husseini, Mombasa kwa jina la hapo, alikuwa dereva wa bajaji aliyekulia uhamishoni Mombasa, akarudi na lafudhi na bajaji. Bajaji ilipumzika kuliko mwenyewe.

— Mimi niliona uwanja umejaa, alisema Gharibu. Ngoma, bendera, watoto mabegani. Nikasema hawa ndio wenyeji. Mwenye nyumba ndiye mwenye kelele.

— Manze, wenyeji walikuwa kumi na mmoja na kocha. Kelele yote ilikuwa ya wageni.

— Nyumbani gani huko bila watu?

Ilikuwa hivi. Kijiwe kilikuwa kimejitwalia timu moja kwenye mchujo ule, timu ya visiwa vya kaskazini kabisa, ambayo jina lake lilikuwa na herufi zenye kofia. Hakuna aliyeweza kulitamka, kwa hiyo wakaiita Chovae ya Baridi, kwa heshima ya kisiwa cha Wabajuni cha Chovae. Kipa wake seremala, winga wake mwalimu, straika wake anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Kiwanda chenye samaki na chenye barafu: hilo peke yake lilimfanya Fuadi awapende kabla hajawaona wakigusa mpira. Sasa wakubwa wa mchujo walikwenda kuukagua uwanja wao, wakasema viti havitoshi na upepo umezidi, wakawaamuru wakacheze mechi yao ya nyumbani nchi nyingine, uwanja wa kukodi, karibu na kwao wapinzani. Jana kwenye banda la video, kijiwe kizima kilitazama majukwaa yaliyojaa, kikahesabu jamaa na ndugu, kikaamua wale ndio Chovae ya Baridi. Kwa muda wa saa nzima walishangilia timu isiyo yao. Bao la kwanza walipiga makofi. Bao la pili Bi Twahira aligawa halwa.

Fuadi alijua tangu dakika ya kumi. Hakusema. Miaka mitatu tangu atoke chuoni hakuwahi kukaa upande unaoshinda. Dakika hamsini za uongo hazikuwa nyingi.

— Na yule beki wetu, alisema Husseini, aliyemwachia njia yule mweusi mrefu. Yule amekula nini?

— Hakula kitu. Mwenye nguvu mpishe. Beki alipisha.

— Methali hiyo si ya mabeki, ami.

— Methali haina jezi.

Bi Twahira akamimina, akamsogezea Fuadi kikombe, akaitazama fomu.

— Na hiyo yako, Digrii, imefika raundi ya ngapi?

— Ya nne, eedo, akajibu Fuadi, kama Wasomali wanavyomwita shangazi.

— Si ulisema zilikuwa tatu?

— Zilikuwa tatu nilipokuwa sijazishinda.

Kazi ilikuwa moja: afisa wa kumbukumbu za samaki. Fuadi alikuwa na shahada ya sayansi ya uvuvi, daraja la kwanza, aliyoisomea Kenya akiwa mtoto wa kambi ya wakimbizi. Raundi ya kwanza ilikuwa mtihani wa kuandika, watu sitini na mmoja, akawa wa kwanza. Ya pili usaili wa mdomo, ya tatu kompyuta, zote alipita. Asubuhi ile karani akamletea fomu dirishani, na kabla ya kuiachia akamuuliza kwa Kisomali lile swali ambalo nchi hii huliuliza kabla ya salamu: Qolamaad tahay? Wewe wa ukoo gani? Fuadi akamjibu kwa Kiingereza, we regret to inform you, tunasikitika kukuarifu, ndiyo lugha ya barua zote alizowahi kupokea. Karani hakucheka. Akamwonyesha kisanduku cha chini: jina na mhuri wa mzee wa ukoo anayemdhamini, mwenye kiti kwenye mgao wa koo. Kijana mwingine, ambaye mtihani hakuufanya na kompyuta hakuigusa, alikuwa ndani tayari akinywa soda. Yeye alikuwa na mhuri.

— Yule ameingia moja kwa moja kwenye makundi, alisema Husseini.

— Wetu wa kutia mhuri si Mzee Idarus? akauliza Bi Twahira.

— Mzee Idarus yuko Ulaya tangu vita, alisema Fuadi. Katika Nusu yote, yeye peke yake ndiye aliyefuzu Ulaya. Nimemtumia ujumbe asubuhi.

— Akajibuje?

— Kidole gumba.

— Kizuri hicho.

— Kidole si mhuri, eedo.

Husseini akameza kahawa, akaona ni wajibu wake kumfariji kwa elimu.

— Mimi nitakwambia siri ya mchujo. Ni kamera. Mwezi wa saba wanakuwa na kamera mpya, hawajui kama zinafanya kazi. Hawawezi kuzijaribia kwa wakubwa. Wanachukua maseremala na walimu, wanawakimbiza, wanaangalia picha. Picha ikiwa safi, wanawatoa.

— Hujui kitu, alisema Gharibu. Ni koefishenti. Wewe hupimwi kwa ulivyocheza. Unapimwa kwa pointi walizokusanya jirani zako miaka mitano iliyopita. Jirani akifungwa, umefungwa. Wakubwa wana jirani wakubwa.

— Basi hiyo ni qabiil, alisema Fuadi. Ni ukoo wenye jedwali.

— Ni ukoo wa pointi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nani?

— Cha mwenye kibaba.

Husseini akakubali kushindwa kwa njia ya kupanda juu zaidi.

— Sawa. Lakini droo je? Kile kijipira chenye jina la timu kubwa kinatiwa friji. Anayechagua akiingiza mkono, anapapasa, akigusa baridi anajua: huyu mwachie, huyu mpe seremala. Sasa jiulizeni, barafu yote hiyo inatoka wapi?

Wote, bila kupatana, wakageuka wakaitazama ofisi ya Mradi wa Barafu ya Pwani.

— Astaghafiru, alisema Gharibu polepole.

— Mtambo una mwaka na nusu. Nani hapa ameona samaki akilala juu ya barafu ya Mradi?

— Hakuna.

— Kontena la baridi liliondoka bandarini mwezi gani?

— Wa sita.

— Na droo ilikuwa?

— Wa sita huohuo, alisema Gharibu, ambaye hakuwa na habari droo ilikuwa lini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndiyo maana straika wetu aliteguka.

Fuadi alitaka kucheka, macho yakarudi kwenye fomu. Alikuwa amekisoma kisanduku kile mara ishirini na hasira sasa ilikuwa imeiva, imebaki kupakuliwa.

— Mmesahau jambo moja, alisema. Mchujo hauishi. Mnadhani raundi ya nne ndiyo ya mwisho? Chovae ya Baridi wakishinda ya nne, patazuka ya tano: wakaguliwe viatu. Wakishinda, ya sita: waseme babu zao walicheza uwanja gani. Ya saba: waulete uwanja wa babu, na nyasi zake. Sisi tulikuwa na nyasi. Mimi nina nyumba ya babu mtaa wa pili kutoka hapa, tangu vita anakaa mtu asiye wetu, nikipita ananiuliza natafuta nani. Shaqo naambiwa ipo, kazi ipo, fuzu tu. Nafuzu. Wanarefusha uwanja. Na yule anayekunywa soda mle ndani, mwulizeni samaki changu na samaki tasi wanatofautianaje; atawauliza wanachezea timu gani.

 Gharibu alitafuta methali, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuipata hata isiyofaa.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja, buibui limelowa pindoni, mkononi ndoo tupu ya plastiki. Aligonga dirisha la Mradi, akagonga tena, karani akafungua inchi mbili, akasema kitu, akafunga. Mwanamke akavuka barabara, akaketi kwenye ubao bila kuomba nafasi, nafasi ikapatikana. Alisema kwa Kibajuni cha visiwani, ambako mtu huitwa mchu.

— Asalaam alaikum. Nipani kahawa. Mimi Hasina, natoka Chovae. Nina pipa mbili za samaki pale gatini zimefunikwa gunia tangu asubuhi, na huyu mchu wa barafu aniuliza nina barua ya nani.

— Karibu raundi ya kwanza, alisema Fuadi.

— Raundi ya nini?

Wakamweleza, wote kwa pamoja: mchujo, kamera, koefishenti, mipira ya baridi. Mwanamke wa Chovae alisikia kwamba kuna Chovae nyingine huko kaskazini, akafurahi kidogo, akauliza kama wana samaki. Wakamwambia wanao. Akauliza kama wana barafu. Wakamwambia wamelala juu yake.

— Na jana walicheza?

— Walicheza, alisema Gharibu. Nyumbani kwao. Wakafungwa mbili.

— Na uwanja ulikuwa wao?

— La. Wa kukodi.

— Na wachu waliojaa walikuwa wao?

— La. Wa wenzao.

— Wiki ijayo?

— Wiki ijayo wanakwenda ugenini.

Hasina akapuliza kahawa yake. Hakuwa na nia ya kumkwaza mtu. Alikuwa ameuliza kama mtu anavyouliza saa ya mashua kuondoka.

— Sasa kwao wacheza lini?

 Husseini akaitazama bajaji yake kana kwamba jibu lilikuwa limeketi kiti cha nyuma. Bi Twahira aliinamisha dele juu ya kikombe cha Fuadi, yakatoka matone matatu na machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokolewa.

— Mimi naona ajabu, aliendelea Hasina, ambaye hakuwa na haraka ya kuokoa mtu. Kwechu, chombo kikimalizika kuundwa na siku ya kukishua ikafika, mchu aliyeshika kamba yuwala ubwabwa. Awe wa Chovae, awe wa Kudhaa, awe msafiri aliyepita njia. Mwenye chombo haulizi wa nani. Atazama viganja. Kamba huacha alama.

Fuadi aliangalia viganja vyake. Vilikuwa na wino.

Saa ya simu ilisema zimebaki dakika saba. Akaazima kalamu ya Gharibu, ile ya kuandikia matokeo, akalaza fomu juu ya ubao, na kwenye kisanduku cha jina na mhuri wa mzee akaandika kwa herufi ndogo hadi kisanduku kikajaa, akaendelea pembeni, akageuza nyuma.

— Umeandika jina la nani? akauliza Husseini.

— La Nusu.

— Watakutoa.

— Watanitoa wakiwa wameisoma.

Akavuka barabara. Hasina akamfuata na ndoo yake, kisha Bi Twahira, kisha Gharibu na mgongo wake; Husseini akaja kwa bajaji, hatua kumi na tano, akaiegesha mbele ya mlango pale gari la mkubwa linapotokea. Karani akafungua inchi mbili. Fuadi hakumpa fomu. Alimsomea, kwa Kiswahili kwanza kisha kwa Kisomali, polepole, sauti ipite ile nafasi ndogo imfikie mwenye soda na mwenye ofisi nyuma yake:

— Kwa Mkuu wa Mradi. Mdhamini wangu ni Nusu, hawa walio nyuma yangu. Nimecheza raundi tatu, zote kwenu, mkiwa nyinyi wachezaji, waamuzi na mashabiki, na zote nimeshinda. Ya nne siichezi mpaka mniandikie mechi ya nyumbani ni lini. Nataka tarehe, nataka uwanja, nataka sahihi yako si ya karani, leo, kabla dirisha halijafungwa. Na wakati unatafuta kalamu, huyu mama wa Chovae ana samaki wanaoharibika gatini. Ndoo hii hapa. Mtilieni barafu.